Hadithi Iliyoahidiwa Kabla ya Kuandikwa

Mwaka 1960, katika viwanja vya Makerere, mwanafunzi mmoja kutoka Limuru alimsimamisha mwenzake aliyemtangulia masomoni akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi. Je, angependa kuiona? Mwenzake huyo, Jonathan Kariara, alikuwa akikaribia kuhitimu na alihusika na Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza. Alikubali kuisoma. Hadithi yenyewe haikuwepo. Kijana yule alikuwa ametamka tu, na sasa ilimbidi aketi aiandike kabla hajaulizwa iko wapi.

Akaketi, akaiandika. Ikaitwa "The Fig Tree", ikatoka katika Penpoint, na miaka mingi baadaye ikaingia katika mkusanyiko wa Secret Lives wa mwaka 1975 kwa jina la "Mugumo". Mwandishi wake wakati huo alijulikana kama James Ngugi. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, na alipofariki tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, aliacha riwaya, tamthiliya, insha na vitabu kadhaa vya kumbukumbu. Kimoja kati ya hivyo, Birth of a Dream Weaver cha mwaka 2016, kimejikita katika miaka yake ya Makerere.

Ni kitabu kinachomfaa sana mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeficha mswada kwenye kompyuta yake akisubiri siku atakapojiona ameiva. Katika Makerere ya kumbukumbu zile hakuna aliyeiva. Kuna vijana wanaoandika huku wakijifunza, wakisukumwa na tarehe ya mwisho, na wakijua kwamba kuna mtu hatua chache kutoka bwenini anayengoja kuwasoma. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika mara nyingi vyuoni leo pale mashindano ya uandishi yanapozungumzwa kana kwamba jambo kubwa ni fedha na picha ya mshindi akipokea hundi.

Penpoint lilianzishwa mwaka 1958. Lilikuwa jarida dogo la idara moja, katika chuo kishiriki ambacho shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Hata hivyo, waliopita katika kurasa zake ni orodha ya kustaajabisha: Kariara mwenyewe, John Nagenda, Peter Nazareth, Pio Zirimu, Elvania Namukwaya ambaye baadaye alijulikana kama Elvania Zirimu, na Ngũgĩ. Mwaka 1965 mwalimu wao David Cook alikusanya kazi za wanafunzi wa Makerere katika kitabu Origin East Africa, kikachapishwa na Heinemann katika mfululizo wake wa waandishi wa Afrika. Kazi zilizoanza kama makaratasi ya wanafunzi zikawa kitabu kinachouzwa London na Lagos. Njia hiyo haikujengwa na bahati. Palikuwa na wanafunzi waliohariri kazi za wenzao na mwalimu aliyetunza nakala, kisha akapatikana mchapishaji aliyekuwa akitafuta.

Mashindano nayo yalikuwepo, na yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya ndani ya chuo, baina ya mabweni. Kila bweni lilishindana na jingine kwa michezo ya kuigiza na kazi za kuandika, na Ngũgĩ aliandikia bweni lake la Northcote tamthiliya fupi. Moja iliitwa The Wound in the Heart. Inahusu mtu anayerudi nyumbani kutoka kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau na kukuta mke wake ametendewa uovu na afisa wa Kiingereza. Ilishinda. Kwa desturi mshindi alipaswa kupelekwa kwenye jukwaa kubwa la mjini Kampala, lakini safari hii mlango ukafungwa. Hoja iliyomfikia mwandishi ni kwamba afisa Mwingereza asingeweza kufanya jambo la namna ile.

Hapo kumbukumbu za Ngũgĩ zinapata ukali, na inafaa kusimama kidogo. Tuzo iliyotolewa kwa mkono mmoja ilipokonywa kwa mkono mwingine, kwa sababu isiyohusu sanaa hata kidogo. Kijana angeweza kulaani mashindano yote na kuachana nayo. Ngũgĩ aliandika tamthiliya ndefu zaidi, The Black Hermit, nayo ikachezwa na wanafunzi wa Makerere katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala mwezi Novemba 1962, wiki chache baada ya Uganda kupata uhuru. The Wound in the Heart yenyewe ilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 1970. Waamuzi waliosema hapana mwaka ule hawakumbukwi kwa majina, na maandishi yangali yanasomwa.

Aina ya pili ilikuwa shindano la nje. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948 ili kukuza usomaji na uandishi Afrika Mashariki, lilitangaza shindano la riwaya. Ngũgĩ alikuwa bado hajaandika kitu kirefu, lakini tangazo lilikuwa na tarehe, na tarehe humfanya mtu apange usiku wake. Akaandika The Black Messiah. Mswada huo ndio uliotoka mwaka 1965 kwa jina The River Between. Kati ya shindano na kitabu ilipita miaka ya kusubiri, na katika miaka hiyo alikwishaanza na kumaliza mswada mwingine, Weep Not, Child, uliochapishwa mwaka 1964. Ndiyo maana riwaya yake ya pili kuandikwa ikawa ya kwanza kusomwa. Mwanafunzi aliyetuma kazi shindanoni kisha akakaa miezi minane akifungua barua pepe kila asubuhi ana la kujifunza hapo.

Mswada wa Weep Not, Child ulipata msomaji wake mkubwa kwa namna ambayo isingepangwa na kamati yoyote. Mwezi Juni 1962 Makerere iliwapokea waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na kutoka Marekani mshairi Langston Hughes. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi tu, lakini aliubeba mswada wake hadi alikofikia Achebe na kumwomba ausome. Achebe, ambaye alikuwa na umri wa miaka 31, aliusoma katikati ya shughuli za mkutano, akatoa maoni yake, akaupeleka kwa watu wa Heinemann. Ukatoka ukiwa kitabu cha saba katika mfululizo ulioanza na Things Fall Apart cha Achebe mwenyewe.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama muujiza wa kijana jasiri. Ujasiri ulikuwepo. Lakini Ngũgĩ alikuwa ameingia katika mkutano ule kwa tiketi halali: hadithi mbili fupi zilizochapishwa, "The Fig Tree" katika Penpoint na "The Return" katika Transition, jarida ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Hadithi mbili tu. Bila jarida la wanafunzi na jarida jipya la mjini, asingekuwa na chochote cha kumfanya aalikwe, na mswada wake ungebaki bwenini wakati Achebe akila chakula cha mchana mita mia kadhaa kutoka hapo.

Na kuna upande wa pili wa tiketi hiyo, ambao Ngũgĩ aliurudia kwa uchungu katika Decolonising the Mind mwaka 1986. Yeye mwanafunzi aliingia kwa hadithi mbili. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya ushairi na nathari, hakustahili kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Wala D. O. Fagunwa wa Nigeria, aliyeandika kwa Kiyoruba. Shaaban Robert alifariki Juni hiyohiyo ya 1962, mwezi wa mkutano. Mshairi mkuu wa eneo zima alikuwa nje ya ukumbi ambamo mustakabali wa fasihi ya eneo hilo ulikuwa ukijadiliwa. Masharti ya kuingia yalikwishaamua nani ni mwandishi kabla hata ukurasa mmoja haujasomwa.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja mwanafunzi anayesoma tangazo la shindano leo. Kigezo cha lugha huonekana kama kipengele cha kawaida, mstari wa tatu au wa nne katika orodha ya masharti, na kumbe ndicho kinachochuja watu wengi kuliko majaji wote. Kiswahili hakikukosa mashindano katika zama zile. East African Literature Bureau hiyohiyo iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili mwaka 1957 hadi 1958, na mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilitoka mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye aliendelea kuishi katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na vingine. Shindano moja lilizaa mhusika aliyedumu vizazi. Lilifanikiwa kwa sababu halikukomea kwenye zawadi: mswada ulikwenda kwa mhariri, ukawa kitabu, na kitabu kikaingia madukani na madarasani.

Wanafunzi wa Kiswahili walipata zamu yao muda si mrefu baadaye, Dar es Salaam. Ebrahim Hussein alitoka katika mazingira ya sanaa za maonyesho pale chuoni na Kinjeketile, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe, alisoma hapohapo mwishoni mwa miaka ya 1960, na muda mfupi baada ya kuhitimu Rosa Mistika ikatoka, mwaka 1971. Penina Muhando alifuata na Hatia mwaka 1972. Wote hawa walikuwa vijana wa ishirini na kitu. Inatia moyo, na pia inauliza swali gumu kwa vyuo vya sasa, ambavyo vina wanafunzi wengi zaidi wa Kiswahili kuliko wakati wowote: wako wapi vijana wa umri huo wenye riwaya mkononi?

Wapo. Wengi wanaandika simulizi kwenye simu, sura baada ya sura, kwa wasomaji wa Facebook na makundi ya WhatsApp, na baadhi yao wana wasomaji ambao mchapishaji wa vitabu angewaonea wivu. Wanachokosa ni mhariri. Msomaji wa mtandaoni huuliza sehemu inayofuata itakuja lini. Hasemi kwamba sura ya tatu ingefaa kuanza pale ilipo sura ya tano. Wakipeleka kazi hizo shindanoni hukutana na tatizo jingine, kwa kuwa mashindano mengi hutaka kazi ambayo haijapata kuchapishwa popote, na kila waandaaji wana tafsiri yao kuhusu kilichowekwa mtandaoni. Anayenuia kushindana hana budi kusoma masharti kabla ya kubandika sura ya kwanza.

Fursa zenyewe kwa sasa ni nzuri kuliko zilivyokuwa miaka ishirini iliyopita, na mojawapo ya zile kubwa inarudi katika familia ileile. Mwaka 2014 Mukoma wa Ngugi, mwana wa Ngũgĩ na profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell, alianzisha pamoja na Lizzy Attree Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika. Fedha zilitoka kwa Mabati Rolling Mills ya Kenya, kampuni dada ya ALAF ya Tanzania, na kwa Cornell. Jumla ilikuwa dola 15,000, na washindi wa kwanza wa riwaya na wa ushairi walipata dola 5,000 kila mmoja. Mwaka 2015 washindi hao walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassani kwa N'na Kwetu. Miaka iliyofuata ilimleta Ali Hilal Ali na Mmeza Fupa, Dotto Rangimoto na Mwanangu Rudi Nyumbani, na Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwa. Vitabu hivyo vinashikika, kwa kuwa waandaaji walipanga pia miswada iliyoshinda ichapishwe. Mtu akitaka kupima uzito wa tuzo yoyote, aende dukani atafute vitabu vya washindi wa miaka mitatu iliyopita.

Kwa kipimo hicho, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeanza vizuri. Inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, lakini kinachompa mwandishi kijana sababu ya kukosa usingizi ni azma ya kuchapisha kazi za washindi na kuzifikisha shuleni. Milioni 10 huisha. Riwaya iliyomo mikononi mwa wanafunzi wa sekondari humletea mwandishi wasomaji ambao hajawahi kuwaota.

Nje ya Afrika Mashariki kuna mlango ambao wanafunzi wengi wa Kiswahili hawaujui. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili pia, za maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada yoyote, kutoka kwa raia wa nchi wanachama wenye miaka 18 na zaidi. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kutuma hadithi aliyoiwaza kwa lugha yake bila kuitafsiri mwenyewe kwa shida. Shaaban Robert hakuwahi kupewa nafasi hiyo.

Neno "bila ada" lisipitwe haraka. Tuzo zenye heshima hazimwombi mwanafunzi fedha ili zisome kazi yake, au ada yake ikiwepo huwa ndogo na sababu yake huelezwa. Kuna mtindo mwingine umeenea: kijana anaandikiwa kwamba shairi lake limechaguliwa kuingia katika mkusanyiko wa kimataifa, kisha anatakiwa anunue nakala kumi. Hapo hakuna aliyechagua chochote. Vivyo hivyo kuna masharti yanayosema kwamba kila kazi itakayotumwa, iwe imeshinda au la, itakuwa mali ya waandaaji. Huko ni kuuza shamba kwa bei ya tiketi ya bahati nasibu. Mwandishi aondoke na hakimiliki yake, na mkataba wa kitabu utaje mrabaha kwa asilimia inayoeleweka.

Kisa cha mwandishi Binyavanga Wainaina wa Kenya kinaonyesha tuzo inavyoweza kufanya kazi ikiangukia mikono yenye nia. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine ya Uandishi wa Afrika kwa "Discovering Home", maandishi yaliyotoka katika jarida la mtandaoni. Ushindi huo aliutumia kuanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi pamoja na wenzake. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003, na mwaka huohuo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda Caine kwa "Weight of Whispers", hadithi iliyochapishwa humohumo. Jarida lililozaliwa na tuzo likazaa tuzo nyingine ndani ya mwaka mmoja. Mtu angeweza kuzila zile fedha peke yake na hakuna ambaye angemlaumu.

Vyuo vya Afrika Mashariki viliwahi kuwa na majarida ya namna hiyo kwa wingi. Baada ya Penpoint Makerere ilikuwa na Dhana, Nairobi ilikuwa na Nexus kisha Busara, Dar es Salaam ilikuwa na Darlite tangu mwaka 1966 kisha Umma. Kurasa zao zilikuwa zaidi za Kiingereza, hata yale yenye majina ya Kiswahili. Hayapo tena. Majarida ya kitaaluma yanaendelea, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam ina Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, lakini hayo ni ya makala za utafiti, na mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye hadithi ya kurasa sita hana la kuyaambia. Kongamano la CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, huwakutanisha vijana kutoka nchi kadhaa, nao husoma mashairi yao, hupigiwa makofi, na kurudi vyuoni na mashairi yaleyale mkobani.

Kuchapa si tatizo tena kama ilivyokuwa enzi za taipureta. Toleo la kurasa arobaini linaweza kupangwa kwenye kompyuta ya maktaba na kusambazwa kwa simu bila kununua karatasi. Kinachohitajika ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayekubali kuitwa mhariri, atangaze tarehe ya kupokea kazi na asiisogeze, asome kila kinachoingia, na amrudishie mwandishi kurasa zake zikiwa na alama za kalamu pembeni. Anahitajika pia mhadhiri mmoja atakayezihifadhi nakala mahali pasipopotea, kama alivyofanya David Cook, ili baada ya miaka mitano au sita kuwe na kitu cha kukusanya. Idara yoyote ya Kiswahili inayotaka kuona wanafunzi wake katika orodha za tuzo ingeweza kuanza na hilo muhula ujao, kabla ya kuomba fedha za zawadi kwa mtu yeyote.